Baba mkubwa, kamera iliyokufa na lenzi iliyogoma kufa

Samahanini kwa kimya cha wiki mbili, majaribio yaliongozana na mimi nikawa nimezama kwenye madesa. Leo nimepata upenyo, na nataka kuwasimulia habari ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani: lenzi ya kamera. Ni lenzi ya kizamani, ya kuzungusha kwa mkono, ambayo sasa hivi inapiga picha kwenye kamera ya kisasa utafikiri vilizaliwa pamoja. Nilipoanza kuuliza imewezekanaje, nikajikuta nimeingia kwenye historia ndefu. Na Historia ndiyo somo nitakalokwenda kufundisha, kwa hiyo leo hamna pa kukimbilia, hahaha.

Ilianza hivi. Likizo iliyopita nilikuwa Morogoro kwa baba mkubwa. Mzee huyu alisomea uhandisi Moscow miaka ya 1980, enzi zile vijana wetu wengi walipokuwa wanapata nafasi za masomo Umoja wa Kisovieti. Alirudi na cheti chake, koti zito ambalo hapa Morogoro halijapata kazi hadi leo, na kamera ya FED-5. Ile picha ya marehemu bibi iliyopo sebuleni kwake ilipigwa na kamera hiyo. Bibi amekaa kwenye kigoda, ungo mkononi, anapepeta mchele na wala hajui kama anapigwa picha. Ukoo mzima hatuna picha nyingine ya bibi, ukiacha ile ndogo ya kitambulisho ambayo hata haifanani naye.

Kamera yenyewe ilikufa zamani. Siku moja iliachwa dirishani bila kifuniko, jua likapita kwenye lenzi na kutoboa pazia la kitambaa lililo ndani, lile linalozuia mwanga usifike kwenye filamu kabla ya wakati. Kitundu chenyewe kidogo tu, lakini kila picha iliyofuata ikatoka na doa jeupe. Basi siku hiyo mama mkubwa alikuwa anasafisha kabati, akaiweka kwenye mfuko wa taka. Nikaiomba.

"Chukua tu mwanangu," baba mkubwa akasema. "Ila ujue hiyo ni maiti."

Nikaitoa lenzi. Inafunguka kwa kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Imeandikwa Industar-61, 2.8/55. Ina fangasi kidogo pembeni, na pete ya fokasi ni nzito maana grisi imekauka. Nikaielekeza dirishani, mwanga ukapita safi kabisa. Maiti ilikuwa kamera. Lenzi ilikuwa hai!

Niliporudi chuo nikamfuata mshkaji wangu mmoja hapa hosteli anayejiongezea hela ya kula kwa kupiga picha za mahafali. Bumu lilipotoka mwaka jana alinunua Sony A7 iliyokwishatumika, na aliyemuuzia akampa na adapta moja ambayo hakuwahi kujua kazi yake. Tukajaribu. Hesi zikakubali. Adapta yenyewe ukiitazama ni pete ya chuma tu, ndani hamna kioo, hamna waya, hamna chochote, hewa tupu. Tukawasha kamera, nikazungusha pete ya lenzi, na ule mnazi ulio mbele ya hosteli ukajitokeza kwenye skrini, kila ukuti unaonekana.

Sasa swali langu likawa hili. Kwa nini lenzi hii, ambayo ilikataa kukaa sawasawa kwenye kamera nyingi za wakati wake, imekubali kirahisi namna hii kwenye kamera iliyotoka Japani mwaka 2013? Wengi wanajibu kwamba watu wamerudia vya kale kwa mapenzi tu, kama wanaopenda santuri. Mimi nimesoma nikaona sivyo. Jibu ni la milimita.

Mnakumbuka utotoni tulivyokuwa tunachoma karatasi kwa lenzi ya kukuzia? Ukiisogeza juu, duara la mwanga linakuwa kubwa na halichomi. Ukiishusha kupita kiasi, vilevile. Kuna umbali mmoja tu ambapo mwanga unakutana na kuwa nukta. Lenzi ya kamera ni hivyohivyo. Imetengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu, na umbali huo unapimwa kuanzia mdomo wa kamera, pale lenzi inapoingia. Lenzi ya baba mkubwa inadai milimita 28.8. Kama kamera yako ina umbali mfupi kuliko huo, unaweka pete katikati kujaza pengo, mambo yanaisha. Kama ina umbali mrefu zaidi, umekwama, maana pete haiwezi kuwa na unene chini ya sifuri. Ukilazimisha utapiga picha za vitu vya karibu tu, mlima hutauona.

Hiyo 28.8 imetoka wapi? Imetoka Wetzlar, Ujerumani. Kulikuwa na fundi mmoja, Oskar Barnack, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya hadubini ya Ernst Leitz. Kamera za wakati ule zilikuwa mizigo, na Barnack hakuwa mtu mwenye afya ya kubeba mizigo. Mwaka 1914 alikuwa tayari na kamera ya majaribio ya kuingia mfukoni, inayotumia filamu ya sinema ya upana wa milimita 35. Alichukua fremu ya sinema akaifanya mara mbili, ikawa milimita 24 kwa 36. Vita vikaja, mambo yakasimama. Mwaka 1925 ndipo Leica ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya Leipzig, ikiwa na lenzi ya milimita 50 iliyobuniwa na Max Berek, ndogo kiasi kwamba inarudi ndani ya kamera usipoitumia. Mwaka 1930 zikatoka Leica ambazo lenzi yake inaweza kubadilishwa, kwa hesi ya kipenyo cha milimita 39, na muda mfupi baadaye ule umbali ukawekwa sawa kwa zote: 28.8.

Hapa wanaualimu wenzangu kaeni vizuri. Kule Kharkiv, ambako leo ni Ukraine, kulikuwa na jumuiya ya watoto waliopotelewa na wazazi kwa vita na njaa, wakawa wanaishi mitaani. Mlezi wao alikuwa Anton Makarenko. Ndiyo, ni Makarenko yuleyule tunayekutana naye kwenye vitabu vya historia ya elimu! Aliamini mtoto anajengwa kwa kazi ya kweli inayofanywa pamoja na wenzake. Jumuiya ile ikatengeneza mashine za umeme za kutobolea, na mwaka 1934 ikaanza kutoa kamera zilizoigwa kutoka Leica. Kamera hizo ziliitwa FED, herufi za kwanza za majina ya Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti, ambaye jumuiya ilipewa jina lake. Kwa hiyo kitu kilichoigwa na watoto wa mitaani wa Kharkiv ndicho kilichomzaa mjukuu anayeitwa FED-5, aliyekuja kufikia kabatini Morogoro, na hesi yake ni ileile ya milimita 39. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatembea kidogo nje. Makarenko tunamsoma kwa ajili ya mtihani tu, kumbe kazi ya mikono ya watoto wake tunayo nyumbani.

Kamera hizi za kina Leica na FED zilikuwa ndogo kwa sababu moja. Hazina kioo ndani. Mpiga picha anachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na fokasi anaipata kwa kulinganisha vivuli viwili vya kitu kimoja mpaka vikae pamoja. Kwa vile nyuma ya lenzi hakuna kizuizi, lenzi inaweza kukaa karibu sana na filamu, na hapo hata lenzi ya kuona upana mkubwa inabaki kijitu kidogo. Ubaya wake ndio huo uliomkuta baba mkubwa: jua linafika moja kwa moja kwenye pazia.

Halafu kikaja kioo. Kamera za kioo zilianza mapema, Kine Exakta ya Dresden ilitoka mwaka 1936, lakini zilizotikisa dunia ni za Japani, hasa Nikon F ya mwaka 1959. Kioo kinakaa nyuma ya lenzi kwa mshazari, kinarusha picha juu ili uone kilekile ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza, kinaruka juu, picha inapigwa, kinarudi. Ni akili kubwa, siwezi kubisha. Lakini kioo kinataka nafasi ya kuruka. Nikon F iliipa nafasi hiyo, ikasogeza mdomo wa kamera hadi milimita 46.5 kutoka kwenye filamu. Piga hesabu: 46.5 dhidi ya 28.8. Lenzi zote za hesi ya Leica zikafungiwa nje kwa karibu milimita 18.

Na si hivyo tu. Lenzi za kuona upana zenyewe zikalazimika kubadilika umbo. Pierre Angénieux wa Ufaransa alikuwa ametoa mwaka 1950 lenzi ya milimita 35 iliyobuniwa kwa ujanja wa kurusha picha mbali nyuma, ipishe kioo. Ujanja huo ndio ukawa kawaida, na bei yake ni vioo vingi zaidi na lenzi kubwa zaidi. Nikon yenyewe ilikuwa na lenzi moja ya milimita 21 iliyoingia ndani sana hadi ulipaswa kukiinua kioo na kukiacha juu, uchungulie kwenye kidirisha kingine. Yaani kioo kinakaa njiani, halafu mwenye nyumba anakiambia kisogee mgeni apite!

Mfano mzuri kuliko yote ni Canon. Lenzi zao za zamani, FD, zilidai milimita 42. Mwaka 1987 wakaja na mfumo mpya wa EF wenye fokasi ya kujiendesha, na huo ulikuwa na milimita 44. Mbili tu! Lakini kwa milimita hizo mbili, mtu mwenye sanduku la lenzi za FD hakuweza kuzihamishia kwenye kamera mpya kwa pete tupu, ilibidi adapta iwe na kioo ndani, na kioo hicho kinaharibu ubora. Lenzi hazikuwa zimeharibika. Zilikosa mahali pa kukaa.

Miaka hiyo fokasi ya kujiendesha ilikuwa imeshika kasi, tangu Minolta 7000 ya mwaka 1985, na lenzi zikaanza kubeba mota na kunenepa. Lenzi ndogo za kuzungusha kwa mkono Leica waliendelea kuzitengeneza, lakini Leica si bidhaa ya mtu wa bumu. Mwaka 1999 kampuni ya Cosina ya Nagano, Japani, chini ya Hirofumi Kobayashi, ikafanya jambo ambalo wengi waliliona la ajabu. Wakati kila mtu anazungumzia kamera za dijitali, wao wakatoa kamera ya filamu ya hesi ileile ya milimita 39, Bessa-L, na lenzi ndogo mpya, mojawapo ikiwa Heliar ya milimita 15. Wakazipa jina la Voigtländer, nyumba ya vifaa vya macho iliyoanzishwa Vienna mwaka 1756. Mwaka 2004 Epson wakatoa R-D1, kamera ya dijitali ya kwanza ya aina hii isiyo na kioo ndani, na Cosina ndio walioshiriki kuiunda. Leica wakafuata na M8 mwaka 2006. Nzuri, lakini bei zake ni za kutazama dirishani.

Mlango ulifunguliwa na watu ambao hata hawakuwa wanafikiria lenzi za kizee. Sensa za dijitali (siyo ile ya watu na makazi) zilipoweza kutuma picha moja kwa moja kwenye skrini, kioo kikakosa kazi. Mwaka 2008 Panasonic wakatoa G1 bila kioo, umbali wake kama milimita 19. Mwaka 2010 Sony wakaja na NEX zenye milimita 18. Sensa za kamera hizo zilikuwa ndogo kuliko filamu, kwa hiyo lenzi ya zamani ilikatwa pembeni. Mwaka 2013 ikatoka A7 yenye sensa ya milimita 24 kwa 36. Ni kipimo cha Barnack! Mwaka 2018 Nikon nao wakashuka hadi 16, na Canon 20, hivyo zile FD zilizofukuzwa kwa milimita 2 zikapata makao kwa pete tupu.

Sasa chukueni 28.8 mtoe 18. Mnapata 10.8. Huo ndio unene wa ile pete ya mshkaji wangu. Miaka yote kuanzia 1959, historia ya lenzi hizi imejibana kwenye hewa ya milimita 10.8.

Isitoshe, kamera mpya ilileta zawadi. Kwenye FED, kamera na lenzi visipoelewana hata kidogo, kidirisha kinakwambia picha imekaa sawa kumbe ina ukungu. Kwenye A7 unaona picha yenyewe iliyo kwenye sensa. Unaweza kuikuza uone kope za mtu, au ukaiambia kamera ipake rangi kwenye kingo zilizokaa kwenye fokasi.

Lakini nisiwadanganye, si asali tupu. Filamu haijali mwanga unaingia kwa mshazari gani, sensa inajali, tena ina tabaka la kioo juu yake. Lenzi za upana zinazokaa karibu sana zilikuwa zinatoa kona zenye rangi ya zambarau na ukungu. Ile Heliar ya milimita 15 ilibidi ibuniwe upya, na toleo la tatu lililorekebishwa kwa ajili ya sensa likatoka mwaka 2015. Zeiss walikuwa wameleta Loxia mwaka 2014, na Cosina wakafuata mwaka 2016 na lenzi zao za mdomo wa Sony kabisa: ndogo, za chuma, zenye pete ya fokasi na pete ya tundu la mwanga, lakini zina vituo vya umeme vinavyoiambia kamera wewe umefanya nini. Kwa hiyo ukiona lenzi mpya yenye sura ya 1955, usidhani ni pambo. Umbo ni la zamani kwa sababu nafasi ni ileile ya zamani imerudi, ila ndani hesabu imepigwa upya.

Ubaya wa pili ni mimi mwenyewe. Kwenye mahafali mshkaji akanipa kamera nimsaidie, na mimi kwa kiburi nikaacha ile Industar juu yake, tundu nimelifungua hadi 2.8. Akatokea mama mmoja, amefunga kitenge kipya, anakuja mbio kumkumbatia kijana wake mwenye joho. Mimi nazungusha pete. Grisi imekauka. Nazungusha... Nilipobonyeza walishaachiana, na picha yenyewe ni ukungu mtupu. Yule mama hatarudia kukimbia vile. Mshkaji hakusema kitu, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Nikarudi kusoma wazee walifanyaje. Kumbe hawakuwa wakizungusha kila mara. Unafunga tundu hadi 8, unaweka fokasi mita 5, na kwa lenzi kama hii kila kitu kuanzia kama mita 3 na nusu hadi mita 8 kinakuwa kwenye fokasi inayokubalika. Baada ya hapo unasubiri mtu aingie kwenye eneo lako. Namba zimeandikwa juu ya lenzi miaka yote, mimi ndiye sikuzisoma.

Wiki iliyopita nikaiazima kamera nikapanda basi la Morogoro. Nilitaka baba mkubwa aione maiti yake. Macho yake siku hizi si mazuri, kwa hiyo nilijiandaa kumwelekeza. Akaichukua, akaipima uzito, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe chini ya lenzi. Mama mkubwa alikuwa barazani anachambua maharage.

"Baba mkubwa, hapa unaweza kukuza ili..."

"Ngoja kwanza," akanikatiza. Akatazama umbali, akaweka pete kwa namba, akabonyeza mara moja.

Mama mkubwa hakujua kama anapigwa picha. Imetoka safi, na hata lile doa dogo la fangasi halionekani. Nimeichapisha, sasa iko sebuleni kando ya ile ya bibi. Lenzi ni moja, na aliyebonyeza ni mmoja.

Ndiyo somo nililolipata, wadau, na nadhani nitalipeleka darasani nikienda mafunzo ya kufundisha. Tukiona kitu kimeachwa, tunasema haraka kwamba kimepitwa na wakati. Tuulize kwanza kama kilishindwa kazi, au kuna kioo tu kilikaa njiani.

Kwa hiyo angalieni makabati ya wazee wenu kabla mfuko wa taka haujapita. Na tafadhali, mkiipata, msiiache dirishani bila kifuniko! Kamera isiyo na kioo haina cha kuikinga na jua, ya zamani hata ya sasa.

Nawaacha, kesho nina semina saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa mmoja. Tukutane wikiendi ijayo.